Pumu ya ngozi haitokani na uchafu

Watu wamekariri kwamba ukurutu, au pumu ya ngozi, unatokana na uchafu, kwa hiyo mtoto akianza kujikuna tu anasuguliwa na dodoki na sabuni kali mpaka ngozi inalia. Hapana jamani. Ngozi yenye ukurutu inashindwa kushika maji, mara nyingi ni ya kurithi kwenye familia zenye pumu na mafua ya aleji, na haiambukizi hata mkilala kitanda kimoja. Sasa sabuni kali inaondoa yale mafuta kidogo yaliyobaki, ngozi inakauka zaidi, inawasha zaidi, unakuna, inachanika, bakteria wanaingia. Ogesha kwa maji ya vuguvugu kama dakika 5 hadi 10, kausha kwa kugusagusa na taulo, halafu paka mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu, hata vaselini ya kawaida inatosha. Limao na kitunguu saumu acha jikoni, vinaunguza. Ikiwaka sana, daktari ataandika krimu ya steroidi, yaani dawa ya kupaka inayotuliza uvimbe na muwasho, na ukiitumia kwa muda aliosema wala usiiogope. Ikitoa usaha au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyohiyo.