Vanishi Haizuii Mbao Kucheza

"Fundi, mlango umeanza kung'ang'ania. Hawa hawakupiga vanishi vizuri." Kila masika inapokolea hapa Dar naletewa maneno haya. Safari hii yametoka kwa mtu anayejifunza useremala mwenyewe nyumbani. Ana randa nzuri, patasi zake zinakata, anajua kusoma skwea, na bado anaamini kwamba mbao ikishapigwa vanishi imefungwa: haitavimba, haitasinyaa. Si kweli, na imani hii inaharibu kazi nyingi nzuri, kwa sababu anayeiamini huacha kufikiria namna ya kuiunga mbao yake na kuliachia kopo la vanishi kazi lisiyoiweza.

Mbao hubadilishana unyevu na hewa maisha yake yote, hata kama mti ulikatwa enzi za babu yako. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida kwetu wakati wa masika, mbao hutulia ikiwa na maji yapatayo asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Ipeleke mbao hiyohiyo kwenye ofisi ya Posta ambako kiyoyozi kinanguruma kutwa na hewa imeshuka hadi asilimia 50: itashuka taratibu mpaka kama 9. Urefu hautabadilika kiasi cha wewe kuona. Upana ndio unaocheza. Tazama kichwa cha ubao, yaani mwisho wake uliokatwa, kabla hujalipa: pete za ukuaji wa mti zikiwa zimelala sambamba na uso wa ubao, ubao huo utacheza karibu mara mbili ya ule ambao pete zake zimesimama wima.

Kwa paini ya Sao Hill yenye pete zilizolala, mimi hukadiria robo ya asilimia ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoingia au kutoka. Piga hesabu ya meza yenye upana wa sentimita 90 inayotoka asilimia 15 kwenda 10: inapungua milimita 11 hivi. Hicho si kiasi cha kupuuza. Mninga hucheza kidogo kuliko paini, ndiyo maana wazee wanausifu, na mtiki nao una utulivu wake. Ila mti usiocheza kabisa sijauona, na anayekuuzia mbao kwa maneno hayo mwache aendelee na wateja wengine.

Sasa vanishi. Inachofanya ni kuchelewesha. Mvuke wa maji hupita kwenye ngozi ya vanishi, polepole. Mvua ya siku mbili haifiki ndani, na hiyo ni faida kubwa, siibezi. Lakini masika ya kutoka Machi hadi Mei yana muda wa kutosha kufika popote. Maabara ya Mazao ya Misitu ya Marekani, iliyoko Madison, Wisconsin, ilipima jambo hili kwa njia ya wazi kabisa: vipande vya mbao vilivyopakwa vitu mbalimbali viliwekwa kwenye hewa yenye unyevu mwingi na kupimwa uzito. Kuchovya kwenye nta ya parafini kulizuia unyevu vizuri sana. Mafuta ya linsidi, yale tunayoambiwa yanalisha mbao, baada ya wiki mbili yalikuwa karibu sawa na mbao tupu. Vanishi za kawaida ziliangukia katikati. Kwa hiyo anayekwambia ongeza koti moja tu na mlango utatulia, muulize koti hilo litapakwa wapi.

Hapo ndipo panaponikera kuliko pengine pote. Chukua simu, washa kamera, inyanyue juu ya mlango wako na upige picha ukingo wa juu. Utaona mbao tupu yenye vumbi, na mara nyingi mstari wa penseli aliouacha fundi bado upo. Chini ya mlango ni hivyohivyo. Kwenye kingo hizo ndiko vichwa vya mbao za wima vilipo, na kichwa cha ubao hunywa unyevu haraka mno kuliko uso wake, kwa sababu mirija ya mti imeachwa wazi pale. Mtu anapiga makoti manne mbele, yanang'aa unajiona uso, halafu anaacha milango miwili ya maji wazi juu na chini. Tia vanishi kingo zote kabla ya kufunga bawaba. Kazi yenyewe haizidi dakika kumi.

Kuna kanuni nyingine ambayo vitabu huiandika kwa uhakika kuliko ninavyoiamini: kwamba usipopaka uso wa chini wa meza sawasawa na wa juu, lazima itajikunja. Napaka pande zote mbili, naendelea kupaka, na nawashauri wanafunzi wapake. Lakini nimeona meza kutoka Keko ambazo chini hazijaguswa na zimekaa bapa miaka na miaka, na nimeona zilizopakwa kote zikajikunja kama mtumbwi. Nadhani pete zilivyolala, na unyevu wa mbao siku ile ilipoungwa, vina sauti kubwa kuliko koti la chini.

Kinachotibu ni muundo. Chukua mlango wa mbao zilizogundishwa pamoja, upana sentimita 80, ukipanda asilimia tano za unyevu: unavimba milimita 10 na lazima ukwame. Uufanye wa paneli. Mbao mbili za wima, kila moja sentimita 10. Mbao za kulala zinavuka upana wa mlango kwa urefu wake, kwa hiyo haziongezeki. Paneli inakaa ndani ya mfereji bila gundi na ina nafasi ya kupumulia. Sasa kinachovimba ni sentimita 20 tu, yaani milimita mbili na nusu. Mbao ileile, mvua ileile. Ila usiweke gundi kwenye paneli hata tone moja, na uipake rangi na vanishi kabla ya kuifunga. Usipofanya hivyo, kipupwe kikifika paneli itasinyaa na mstari mweupe wa mbao isiyopakwa utachungulia pembeni.

Tazama milango ya kale ya Bagamoyo na Zanzibar: mbao mbili zinazofunguka, na katikati mfaa, ule mti wa wima, uliopigiliwa kwenye ubao mmoja tu. Mwanya wa kati ukifunguka au kujibana, mfaa unaufunika. Sitadai mafundi wale waliuweka kwa sababu hiyo, lakini faida hiyo ipo, nayo inanifurahisha kila nikiutazama.

Kwa meza, usigundishe uso kwenye fremu. Tumia skrubu na washa (kile kipete cha bati chini ya kichwa cha skrubu), na tundu la skrubu kwenye fremu ulirefushe kuelekea upana wa meza ili skrubu iteleze. Skrubu ya katikati pekee ndiyo ikazwe isisogee.

Kuhusu ukavu: kugonga mbao na kusikiliza hakutoshi, na jua la barabarani Buguruni hukausha ngozi tu. Kata kipande katikati ya ubao, si mwishoni, kipime kwenye mzani wa jikoni, kisha kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito ugome kushuka. Kikitoka gramu 230 hadi 200, gawanya 30 kwa 200: asilimia 15, inafaa kwa nyumba ya Dar isiyo na kiyoyozi. Kama meza inakwenda chumba cha kiyoyozi, ziache mbao kwenye chumba hicho, zimepangwa na vijiti katikati, na uwe unazipima uzito kila wiki.

Klia, ile laka isiyo na rangi inayochanganywa na thina, usipige mvua ikinyesha. Thina inapogeuka mvuke hupoza uso, unyevu unatua juu yake, na kazi inapata ukungu mweupe.

Na kama meza yako imeshapasuka wakati wa kiangazi, usijaze ufa kwa puti. Masika ikija mbao itavimba, itaisukuma ile puti, na ufa utahamia kwingine. Geuza meza, legeza skrubu, panua matundu, kisha iache ipitie msimu mzima ndipo uamue. Nyufa nyingine hujifunga zenyewe kiasi kwamba gundi na jiliwa mbili zinatosha.