Waja leo na wanaobaki: wasomaji wa blogu hupatikanaje?

Katika mafunzo ya wanablogu ninayoendesha hapa Tanga, swali huwa ni lile lile: nifanyeje nipate wasomaji wengi? Nami huuliza kwanza, wasomaji gani? Mtu akinijibu "wote," huwa nahofia blogu yake kabla hajaifungua. Anayeandikia wote huishia kunakili habari za Dar es Salaam: picha ile ile ya waziri, maelezo yale yale, tena kwa kuchelewa. Habari hiyo imeshapita kwenye magrupu yote ya WhatsApp tangu asubuhi. Nani atakuja kuifuata kwako?

Blogu za Kitanzania zikizungumzwa, huwezi kumruka Issa Michuzi. Alianza 2005, akiwa mpigapicha wa Daily News. Waliomwiga, na walikuwa wengi, waliona picha nyingi wakadhani hiyo ndiyo siri yenyewe, wakaanza kubandika picha. Tena mara nyingi za kwake! Hawakuona kwamba kazi yake ilimfikisha mahali ambapo wao hawakuwepo, na kwamba alikuwa na watu mahsusi waliomhitaji: Watanzania walioko ughaibuni. Hao walikuwa na intaneti nzuri na kiu ya kuona nyumbani, wakati sisi huku tulikuwa tunalipia kwa saa kwenye intaneti kafe. Akawaita wadau, yeye akajiita Ankal, na shughuli nzima ikaitwa kuendeleza libeneke. Wadau nao wakawa wanatuma picha zao, za harusi, misiba na mikutano. Mtu akiona picha aliyoituma mwenyewe imetoka, atawaambia ndugu na jamaa zake wote, na kesho atarudi kutazama nani mwingine ametoka.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo Tanga. Kijana anayependa mpira huniambia anataka kuandika habari za Simba na Yanga. Huko kuna redio, televisheni, magazeti na maelfu ya kurasa za Instagram, na wewe huna hata kitambulisho cha kuingia mazoezini. Lakini uwanja wa Mkwakwani uko mwendo wa miguu kutoka kwako. Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara 1988, na wazee waliokuwa jukwaani mwaka ule wengine bado wanakaa barazani Ngamiani, wanakumbuka nani alipiga krosi na nani alikosa penalti. Ni nani anayewaandika? Wagosi wa Kaya, yaani Coastal hao hao, wana mashabiki walioondoka Tanga siku nyingi, wako Dar, wako Muscat, wako Uingereza, na Jumamosi jioni wanatafuta matokeo wanakuta mstari mmoja. Ongeza African Sports, ongeza timu za mitaani ambazo hakuna mwandishi wa habari anayezifuata. Mwanablogu wa namna hii hatakuwa na wasomaji milioni. Atakuwa na watu ambao hawana pengine pa kwenda, na kwangu mimi hao ni bora kuliko milioni.

Ndivyo ilivyo pia kwa mkulima wa Muheza anayejua machungwa. Mwenzake wa Handeni anapoona matunda yanadondoka kabla ya kuiva, anashika simu na kuandika kwenye Google maneno hayo hayo: machungwa yanadondoka kabla ya kuiva. Haandiki "changamoto za kilimo cha matunda katika ukanda wa Pwani." Kwa hiyo kichwa cha makala kiwe kwa maneno ya anayeuliza, na jibu lianze kuonekana katika aya ya kwanza. Jakob Nielsen, mtafiti wa matumizi ya wavuti, alionyesha 2006 kwamba macho ya msomaji hupita mistari ya juu kwa upana, kisha huteremka upande wa kushoto na kuruka sehemu kubwa iliyobaki. Ukianza na "Ndugu msomaji, karibu tena katika blogu yetu pendwa," umetumia pale pazuri kuliko pote kusema jambo ambalo hakulifuata.

Na bando lake ulionee huruma. Picha iliyotoka kwenye kamera ya simu huweza kuwa na megabaiti tatu au nne; ukiipunguza hadi kilobaiti mia mbili, kwenye skrini ndogo hakuna atakayeona tofauti. Ukurasa usiofunguka haraka hausomwi, hata uwe umeandikwa na nani.

Lakini hao wanaoletwa na Google ni wenyeji wa lile jina la utani la mji wetu, waja leo waondoka leo. Amepata jibu la machungwa yake, ameondoka, jina la blogu yako hakulitazama. Wanablogu wengi wanafurahia namba hizi, na mimi siwakatazi, ila mwezi ukiisha nawaambia watazame takwimu za waliorudi. Kinachomrudisha mtu ni mambo mawili: kujua kuna kitu kinakuja siku fulani, na kujua ni nani anayekisema. Ukiahidi Ijumaa, iwe Ijumaa, hata mvua ya masika ikinyesha na umeme ukikatika. Na uandike kwa sauti yako. Lugha ya taarifa kwa vyombo vya habari haina mwenyewe.

Kisha uwe na njia ya kuwafikia isiyopitia mlango wa mtu mwingine. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki kuliko ya kurasa za wachapishaji, na waliokuwa wamejenga kila kitu juu ya ukurasa wa Facebook wakaona wasomaji wanakauka. Kwa huku kwetu barua pepe wengi hawaifungui, hivyo mimi hupendekeza orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list), ambapo ujumbe mmoja humwendea kila aliyemo kivyake. WhatsApp nayo ni ya wenyewe, lakini namba unazo wewe, unaweza kuzihamisha. Tena ina sifa moja ninayoipenda: ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Anayekuhifadhi kwenye simu yake amekuchagua.

Usikate tamaa kwa sababu hakuna anayetoa maoni. Nielsen huyo huyo aliandika kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara moja moja, na asilimia 1 ndio hufanya karibu kazi yote. Huyo mmoja mtafute, mpigie, muombe aandike. Si jambo geni kwetu: gazeti la Kiongozi, lililochapishwa hapa Tanga enzi za Wajerumani, lilitegemea sana barua za habari kutoka miji mbalimbali.

Fedha nimeiweka mwisho makusudi. Hoteli ya Raskazone au duka la pembejeo Muheza halijali umesomwa mara ngapi Nairobi. Linataka kujua kama wateja wake wanakusoma, na hilo unaweza kulithibitisha ukiwa na orodha. Ila kabla ya kupokea tangazo, pita kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka leseni kwa wanablogu, na wakati huo ada ya leseni ilikuwa shilingi 1,000,000, achilia mbali 100,000 ya maombi. Blogu nyingi ndogo zilizima mwaka ule. Kanuni na viwango vimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo usitegemee la kuambiwa kijiweni. Uliza wenyewe, wakupe kwa maandishi, kisha uweke gharama hiyo kwenye bei ya tangazo lako la kwanza.