Copernicus hakuchomwa moto, na waliombishia hawakuwa wajinga

Kila siku naona mtu kaandika eti kanisa lilimchoma moto Copernicus, yule mtaalamu wa nyota, kwa kusema jua ndo liko katikati na dunia inalizunguka. Hapana jamani. Copernicus alikufa kwa maradhi 1543, mwaka uleule kitabu chake kilipotoka, na kitabu chenyewe alimtunukia Papa Paulo wa Tatu. Aliyechomwa ni Giordano Bruno, mwanafalsafa wa Italia, huko Roma, 1600, na kesi yake ilijaa mambo ya imani kama kukana Utatu. Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyemuunga mkono Copernicus, naye hakuuawa, alihukumiwa 1633 akawekwa kizuizini nyumbani karibu na Florence hadi akafa 1642.

Na hili la kwamba kabla ya hapo wasomi waliamini dunia ni bapa, sijui limetoka wapi, maana Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa Alexandria, karne ya 2, ndo huyohuyo aliyeiweka dunia katikati na aliandika wazi kuwa ni ya duara.

Ila kinachoniuma zaidi ni hii dhana kwamba waliomkataa Copernicus walikuwa vichwa vigumu tu. Hebu nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, kiangalie kwa jicho moja halafu ubadilishe jicho: kidole kinaruka, si ndiyo? Sasa wao wakasema kama dunia kweli inazunguka jua, basi Januari na Julai tunatazama kutoka pande mbili tofauti, kwa hiyo nyota za karibu lazima zionekane zimesogea. Tycho Brahe, mpimaji wa nyota hodari kuliko wote wa enzi zake, hakuona kitu. Hiyo ni hoja nzito kabisa! Copernicus alishasema kabla ya hapo kwamba nyota ziko mbali mno, na alikuwa sahihi, ila hakuwa na cha kuonyesha. Kusogea kwenyewe kulikuja kupimwa na Bessel, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, 1838, kwenye nyota ya 61 Cygni: gawa digrii moja mara 3,600, chukua kipande kimoja, halafu theluthi yake tu hivi kila upande. Kwa macho matupu ungeanzia wapi?

Watu watasema si Galileo alimaliza ubishi kwa darubini. Aliona Zuhura ikipitia sura zote kama mwezi, ndiyo, na hapo mfumo wa Ptolemy ukafa, maana ndani yake hilo haliwezekani, lakini Tycho alishapanga sayari zizunguke jua na jua lizunguke dunia, na Zuhura inakubali hapo vilevile. Aliyewavuta wanahesabu ni Kepler, mtaalamu wa nyota wa Ujerumani, alipoacha miduara ya Copernicus akatumia njia za duaradufu, yaani kama duara lililovutwa kidogo, na majedwali yake ya 1627 yakabashiri sayari zitakapokuwa vizuri kuliko yote yaliyotangulia.