Prilodi: ringi ya shokapu inainua gari, haigusi ugumu wa springi

Prilodi ni mkandamizo ambao springi inakuwa nao kabla gari halijatua chini. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina kona. Kwenye bagi ya rimoti ya mashindano, yaani gari dogo la mfano la kukimbia kwenye udongo, mkandamizo huo unapangwa kwa ringi inayozunguka kwenye thredi za mwili wa shokapu: ukiishusha, springi inabanwa, ukiipandisha, inaachiwa. Kinachonifanya niandike ni maneno yanayofuata ringi ikishazungushwa: "Nimeikaza nyuma, sasa springi ni ngumu." Si ngumu. Ni ile ile iliyotoka kwenye pakiti.

Ugumu wa springi umo kwenye waya wake: unene wa waya, upana wa duara, idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na aina ya chuma. Robert Hooke alilieleza hili Uingereza mwaka 1678, kwamba kiasi springi inachobonyea kinalingana na nguvu iliyoipokea. Nguvu ikiwa maradufu, na kubonyea maradufu. Ringi haimo kabisa katika hesabu hiyo, kwa sababu haibadilishi waya, haikati mzunguko hata mmoja.

Tupige hesabu, kwa namba nilizozichagua ziwe nyepesi. Una springi inayohitaji gramu 40 ili ibonyee milimita moja. Gari limesimama, betri imo ndani, na shokapu moja ya nyuma inabeba gramu 400. Springi itabonyea milimita 10 na kutulia. Sasa shusha ringi milimita 2 halafu urudishe gari chini. Uzito wa gari haujabadilika, kwa hiyo springi inabeba gramu 400 zile zile, na itabonyea milimita 10 zile zile. Pima urefu wa springi kwa kalipa ukipenda, utaukuta ulivyokuwa. Kilichobadilika ni kwamba springi nzima imesogezwa chini milimita 2, shokapu imerefuka milimita 2, na gari limepanda. Gurudumu likikutana na tuta litakalotaka milimita moja zaidi, springi itadai gramu 40 zaidi. Kabla ya kuzungusha ringi ingedai ngapi? Hizo hizo 40.

Wapo wanaojitetea kwa springi za progresivu, zile ambazo mizunguko yake imesongamana upande mmoja na kuachana upande mwingine, na ambazo huzidi kuwa ngumu kadiri zinavyobonyea. Wanasema hapo ringi inaisukuma springi iingie kwenye sehemu yake ngumu. Utetezi mzuri, ila haufiki mbali. Gari likiwa limesimama, urefu wa springi unaamuliwa na mzigo, na mzigo ni ule ule, iwe springi ya kawaida au ya progresivu.

Kosa hili halijatokana na ujinga, na chanzo chake kinaeleweka. Shika shokapu mkononi, nje ya gari, imejinyoosha mpaka mwisho. Ibonyeze kwa kidole gumba. Kisha shusha ringi mizunguko kadhaa ubonyeze tena. Kidole kitakuapia kwamba imekuwa ngumu, kwa kuwa sasa haisogei mpaka nguvu yako izidi ule mkandamizo iliokwisha kuwa nao. Na kweli, safari ile ya kwanza ya milimita chache imekuwa nzito kuianza. Ila shokapu iliyoko kwenye gari haianzii huko. Imeshabonyezwa na uzito wa gari, imeshapita kizingiti hicho zamani, na inafanya kazi katikati ya safari yake. Kidole kinapima mahali ambapo gari halikai.

Gari lenyewe nalo lina mchango wake katika kuwapotosha watu. Baada ya kuzungusha ringi linaendesheka tofauti, na dereva hawezi kuambiwa hakuhisi alichokihisi. Shokapu yenye safari ya milimita 25 iliyokaa kwenye 10 ilikuwa na nafasi ya milimita 10 za kunyooka na 15 za kubonyea. Baada ya ringi ile ya milimita 2 zimekuwa 8 na 17. Gari likitua kutoka kwenye ruka, lina nafasi zaidi kabla tumbo halijagonga chini, na springi inafika mwisho wa safari ikiwa imebonyezwa zaidi, kwa hiyo ni kweli kwamba kugonga chini kunapungua. Gurudumu nalo, likipita kwenye shimo, linawahi kuning'inia hewani. Uzito wa gari umekaa juu zaidi, mikono ya chini inayoshika magurudumu imebadilisha pembe, na kwenye kona kali kwenye udongo unaoshika gari linaweza kukanyaga nje na kupinduka. Yote hayo ni matokeo ya urefu. Anayeyaita ugumu atatafuta dawa kwenye chupa isiyo yake.

Ipo hali moja ambapo ringi kweli huleta kitu kinachofanana na ugumu. Ukiishusha kupita kiasi, kwenye mfano wetu zaidi ya milimita 10, springi inakuwa na nguvu kuliko mzigo wa gari. Shokapu inajinyoosha hadi mwisho na kukaa hapo, gari limesimama kwa ncha za vidole. Kila tuta dogo linarushwa moja kwa moja kwenye chasisi. Mtu akifika huko hajapata springi ngumu. Amepoteza nusu ya kazi ya suspenshen, ile ya gurudumu kushuka kulifuata shimo.

Waendesha bodaboda wanaijua ringi hii kuliko wengi wetu. Pikipiki nyingi za kazi zina kishikizo cha ngazi ngazi chini ya springi ya nyuma, na anayebeba mishikaki hukipandisha mpaka ngazi ya mwisho. Anafanya sawasawa: mzigo umeongezeka, nyuma imelala, anairudisha kwenye urefu wake. Abiria wakishuka asipokirudisha, pikipiki inamrusha, naye anasema shokapu imekuwa ngumu. Lugha ni ile ile, na kosa ni lile lile.

Basi kwenye bagi ringi ina kazi gani? Kupanga urefu wa gari kutoka chini, tena kwa utaratibu. Weka betri ndani, au kama ni bagi ya nitro, yenye injini ya mafuta, uamue mapema utapima tangi likiwa tupu au limejaa, usibadilishe kila siku. Liinue gari kiasi cha shubiri moja juu ya meza iliyonyooka, liachie, litulie lenyewe. Pima chini ya chasisi mbele na nyuma. Bagi ya kipimo cha 1/10, yaani sehemu ya kumi ya gari halisi, hukaa karibu na milimita 20 na kidogo; ya 1/8 hukaribia 30. Wengine huangalia tu kama shafti zinazokwenda kwenye magurudumu ya nyuma zimelala sambamba na meza, na huo ni mwanzo mzuri. Ringi za kushoto na kulia zikipishana sana ndipo gari litulie sawa, usiziache hivyo kwa furaha kwamba kipimo kimekubali. Kuna kitu kimepinda, au shokapu moja imefungwa ndefu kuliko mwenzake.

Ukitaka ugumu, badilisha springi. Rangi zilizopakwa ni za kampuni yenyewe: nyekundu ya huyu inaweza kuwa laini kuliko njano ya yule, kwa hiyo soma namba ya ugumu. Njia ya pili ni tundu la kufungia. Mkono wa chini una matundu mawili au matatu ya mguu wa shokapu, na kusogea kutoka la ndani kwenda la nje kunaipa springi nguvu zaidi juu ya gurudumu kuliko macho yanavyodhani. Ikiwa shokapu inasogea asilimia 70 ya mwendo wa gurudumu, gurudumu linahisi asilimia 49 tu ya ugumu wa springi, kwa sababu uwiano huo unahesabiwa mara mbili, kwenye nguvu na kwenye mwendo. Ndiyo maana tundu moja la kando linaweza kuleta tofauti ambayo ringi haitaileta ukiizungusha mpaka kesho. Kwenye mnara wa juu, unaoshika kichwa cha shokapu, vilevile, shokapu iliyosimama wima inalielemea gurudumu kuliko iliyolala.

Oili iliyomo ndani ya shokapu nayo huvutwa kwenye neno hilo hilo la "ngumu". Springi inaamua gurudumu lisogee kiasi gani kwa mzigo fulani. Oili inaamua lisogee haraka kiasi gani. Anayetaka kuona tofauti hiyo atafute bagi ya rimoti ya Tamiya Grasshopper ya mwaka 1984, ambayo nyuma ilikuwa na springi bila oili. Ilikuwa inarukaruka kama mpira wa kitenesi kwenye sakafu. Ndugu yake wa mwaka huo huo, Hornet, alikuja na shokapu za oili nyuma, na mwaka huo huo RC10 ya Team Associated ikatoka California ikiwa na oili pande zote nne. Oili nene haibebi gari. Gari likisimama, lenye oili ya namba 30 na lenye ya namba 50, ambayo ni nene zaidi, hulala kwenye urefu ule ule. La pili huchelewa tu kufika.

Mahali ambapo ringi huonewa kuliko pote ni kwenye tatizo ambalo si la suspenshen hata kidogo. Bagi ya 1/8 inavuta kwa magurudumu manne na ina difu tatu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu: ya mbele, ya kati, ya nyuma, kila moja ikiwa na oili yake ya silikoni. Dereva anatoka kwenye kona, anaminya trigari ya mwendo kwenye rimoti, nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, na gari linanguruma bila kusonga. Anayetazama anaona nyuma imelala, basi anashusha ringi za nyuma. Ila tazama magurudumu ya mbele wakati huo: yanazunguka bure mpaka matairi yanavimba kwa kasi. Difu ya kati yenye oili nyepesi inapeleka nguvu upande usio na mzigo, na wakati wa kuongeza mwendo upande huo ni wa mbele. Dawa iko kwenye oili ya difu ya kati. Ikiwa ilikuwa na oili ya namba 5,000, ijaribiwe iliyo nene zaidi, ya 7,000, na kitakachofuata ni nguvu kurudi nyuma mahali palipo na uzito. Ringi hapo ingeinua nyuma tu, na mbele ingeendelea kuzunguka bure.

Kuna anayejibu kwamba haya ni maneno tu, gari likienda vizuri inatosha. Nakubaliana naye mpaka gari linapokataa kwenda vizuri na yeye anapoomba msaada. Akisema "springi za nyuma nimezifanya ngumu", mwenzake atamshauri aweke oili nene zaidi kwenye shokapu ili ilingane na springi ngumu. Springi hazikubadilika, oili imezidi unene, nyuma sasa inachelewa kurudi kati ya tuta na tuta, na matuta yakifuatana inazidi kulala. Kila mmoja ametoa ushauri sahihi kwa gari ambalo halikuwepo mezani.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameikaza nyuma, siku hizi simbishii. Namuuliza imepanda milimita ngapi, na nampa kipimo.