Mate yakikauka baada ya mionzi: hizi seli shina zimefika wapi?

Mgonjwa wa saratani ya koo au ya nyuma ya pua akimaliza mionzi nyumbani wote wanashukuru Mungu uvimbe umeisha, alafu baada ya muda wanaanza kushangaa mbona mtu hawezi kumeza tonge la ugali bila kikombe cha maji pembeni, usiku anaamka ulimi umegandia kwenye kaakaa, na meno yanaoza pale pale yanapokutana na fizi, hata kama maisha yake yote hakuwahi kutoboka jino. Hapo mate yamekata. Mtu mzima mwenye afya anatengeneza kama nusu lita hadi lita moja na nusu ya mate kwa siku, na mengi yanatoka kwenye tezi kubwa jozi tatu, zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi.

Mionzi ya kichwa na shingo mara nyingi inatolewa siku tano kwa wiki, wiki sita au saba, jumla ya dozi inafika kama grei (kipimo cha mionzi) 60 hadi 70. Mate huanza kupungua mapema kabisa, ndani ya wiki ya kwanza tu. Wengi wanauliza, sasa mbona ngozi iliyoungua inapona lakini mate hayarudi? Jibu ni kwamba ndani ya tezi kuna seli chache ambazo kazi yake ni kuzaa seli nyingine pale zinapochoka, ndo hizo tunaziita seli shina, na mionzi ikiziua hakuna wa kujenga upya.

Wataalamu wa Groningen kule Uholanzi wamefanyia kazi jambo hili miaka mingi. Mwaka 2008 timu ya Isabelle Lombaert na Rob Coppes ilichukua seli kutoka tezi za panya wazima, wakazikuza maabara mpaka zikajikusanya kuwa vibonge vidogo vidogo, wakazichuja, wakazidunga kwenye tezi za panya waliopigwa mionzi. Seli 100 hadi 300 tu kwa tezi moja zilitosha kurudisha mate. Hii namba inanifurahisha kila nikiisoma maana ni seli chache mno, huwezi hata kuziona kwa macho. Baadaye walifanya hivyo kwa seli za binadamu wakazipandikiza kwenye panya, zikafanya kazi, na sasa wamefika kwenye majaribio kwa wagonjwa wenyewe.

Mpango wao ni hivi, kabla mionzi haijaanza wanakata kipande kidogo cha tezi ya mgonjwa mwenyewe, wanakisaga na vimeng'enya mpaka seli ziachane, wanazikuza kwenye jeli, na mionzi ikishaisha wanamrudishia. Ni kama mkulima anavyotenga mbegu kabla ya ukame. Kwa kuwa seli ni zake mwili hauzikatai, ila lazima wahakikishe kipande hakijabeba seli za saratani, na hilo sio jambo la kulipua. Alafu kuna tatizo la umri, wagonjwa wengi ni watu wazima na tezi ikizeeka seli shina zake hazikui kwa nguvu kama za kijana.

Denmark wao wamepita njia nyingine, wanatumia seli shina kutoka kwenye mafuta ya tumbo. Hizi kwa sehemu kubwa hazigeuki kuwa tezi, zinatoa kemikali za kutuliza uvimbe wa majeraha (sio ule wa saratani) na kuamsha seli zilizobaki. Kwenye utafiti wao wa 2018 wenye wagonjwa 30, waliodungwa seli hizo mate yao ya kawaida, yale yanayotoka bila kutafuna kitu, yaliongezeka kama asilimia 50 baada ya miezi minne. Inatia moyo, lakini watu 30 ni wachache na walianza na mate kidogo sana, kwa hiyo nusu juu ya kidogo bado ni kidogo.

Sasa naomba mnisikilize hapa. Huku kwetu kuna visasheti vya unga vinapita WhatsApp na kwenye semina za biashara, vimeandikwa seli shina, vingine vinasema vya tufaha, eti unalamba chini ya ulimi tezi zinaamka. Mama mmoja akaniambia, "Daktari, mbona jirani amepona?" Mama yangu, seli shina ni kitu hai, inatunzwa kwenye baridi kali na kudungwa kwa sindano mahali husika, ikikaushwa ikawa unga imekufa, na seli ya tufaha haiwezi kuwa tezi ya binadamu hata ufanyeje. Hata hayo ya Ulaya bado ni majaribio na mgonjwa wa majaribio ya kweli hupewa fomu ya kusaini, anaelezwa hatari zake, anafuatiliwa. Ukiambiwa ulipe kwanza kwa simu, ondoka.

Kitu ambacho kimeshatusaidia tayari ni kujua seli hizi zinakaa wapi. Mwaka 2015 Groningen walionyesha kwamba kwenye tezi ya mbele ya sikio zimejazana kwenye mirija mikubwa, kwa hiyo mashine ya kisasa ya mionzi ikipangwa vizuri inaweza kupunguza dozi eneo hilo, kama uvimbe uko mbali. Muulize daktari wako wa mionzi, ni haki yako.

Na kabla ya mionzi pita kwanza kwa daktari wa meno, meno mabovu yang'olewe mapema yapate kupona, upewe floraidi ya kupaka kila siku, maana kung'oa jino kwenye taya iliyopigwa mionzi ni hatari, mfupa unaweza kufa na kidonda kikakaa wazi miezi na miezi.