Nyama ya nguruwe buchani: maswali ya wanunuzi wa Mbeya na majibu yake

Nikifika buchani, nianze kuangalia nini?

Tafuta mhuri wa mkaguzi wa nyama kabla muuzaji hajashika panga. Kama sehemu yenye mhuri imeshauzwa, muulize mnyama alichinjiwa wapi, kwa kuwa muuzaji aliyepitisha nyama yake machinjioni hana sababu ya kusitasita. Nyama iliyochinjwa uani kwa mtu na kuletwa alfajiri ndani ya kiroba usiinunue, hata kama bei yake inavutia.

Vifuko vya tegu vinaonekanaje?

Mwombe muuzaji apasue kipande cha bega au cha paja, kisha ukisogeze kwenye mwanga. Kifuko cha tegu, yaani mnyoo wa tegu akiwa bado mchanga ndani ya nyama, hukaa katikati ya nyuzi za nyama, kina ukubwa wa punje ya mchele au ya harage, kimejaa maji maangavu, na ndani yake kuna kidoa cheupe. Wengi hukichanganya na mafuta; lakini mafuta hutanda na kulainika ukiyasugua kwa kidole, ilhali kifuko hubaki cha mviringo na hupasuka kikibanwa. Ukikiona kimoja tu, iache nyama hiyo na umweleze afisa mifugo wa kata yako, maana mnunuzi atakayekufuata huenda asijue anachokitazama. Usipokiona, bado usijihakikishie kuwa nyama ni salama, kwa sababu mkaguzi naye hupasua sehemu chache tu za mwili wa mnyama, na vifuko vikiwa vichache vinaweza kumpita.

Je, ni kweli kwamba kula nyama yenye tegu huleta kifafa?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotoka, na ningependa jambo hili lieleweke vizuri. Anayekula nyama yenye vifuko ambayo haijaiva hupata mnyoo wa tegu tumboni. Mnyoo huo hutaga mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu huyo, na ni mayai hayo, yakimwingia mtu mdomoni kupitia mikono, mboga au maji machafu, yanayogeuka vifuko ndani ya mwili, vikiwemo vile vinavyokaa kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Kwa hiyo hata mtu ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kuugua, iwapo anaishi au anakula na mwenye tegu asiyenawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Nguruwe naye huyapata mayai hayo kwa kula kinyesi cha watu anapozurura, na ndiyo maana choo bora na banda la nguruwe ni sehemu ya usalama wa nyama unayoikuta buchani. Katika mikoa yetu ya nyanda za juu kusini, ambako nguruwe hufugwa kwa wingi, ugonjwa huu umekuwepo kwa miaka mingi.

Huku kwetu kuna baridi. Je, nyama haiwezi kukaa ikining'inia hadi jioni?

Hapana. Hata mwezi Julai, mchana wa Mbeya hufika karibu nyuzi joto 20, wakati nyama inahitaji jokofu lenye nyuzi 5 au chini yake. Nunua asubuhi, na upike siku hiyo hiyo.

Nitajuaje kwamba imeiva?

Mji wetu uko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo nyama huchukua muda mrefu zaidi kulainika kuliko Dar es Salaam. Joto hilo linatosha kuua vifuko na vijidudu, mradi tu nalo lifike katikati ya kipande, angalau nyuzi 70. Kata vipande vidogo, kisha upasue kile kinene kuliko vyote: kusiwe na wekundu wowote ndani, wala majimaji yenye damu. Kwa nyama ya kuchoma uwe mwangalifu zaidi, kwani nje huungua mapema huku ndani ikiwa bado mbichi.

Nikiona vipande bapa vyeupe kwenye kinyesi changu, nifanye nini?

Huenda ni vipande vya mnyoo wa tegu. Nenda kituo cha afya, usijinunulie dawa dukani. Tegu wa tumboni hutibika, lakini kabla hujapewa dawa mweleze mganga kama umewahi kuanguka kifafa au kuumwa kichwa mara kwa mara, kwa sababu prazikwanteli, mojawapo ya dawa za tegu, inaweza kuchochea degedege kwa mtu ambaye tayari ana vifuko kwenye ubongo.