Mayai ya nazi ya Pasaka bila kuoka, na ugomvi wangu na masika

Jumapili moja ya Pasaka, kabla ya ibada ya pili, simu yangu ililia. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili wa kanisa moja hapa Moshi, mama mtu mzima. Jana yake nilikuwa nimempelekea trei tatu za mayai madogo ya nazi ya rangi nne, nimeyabiringisha kwenye sukari ya unga mpaka yakawa kama yamepakwa poda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya mayai yako yanalia."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Nilipofika sikucheka tena. Ile sukari ya juu ilikuwa imegeuka maji, waridi imeingia kwenye njano, karatasi ya trei imelowa chepechepe. Watoto wawili walikuwa wameshaonja kwa siri na kujifuta kwenye magauni meupe ya Pasaka. Mama zao hawakunisema, lakini gauni jeupe likishaingia bitiruti, nani anahitaji kusemwa?

Kutengeneza keki na pipi ndiyo kazi inayonilisha, na bado nilikosa jambo ambalo mtoto yeyote wa Kilimanjaro analijua: Pasaka ni mvua. Tarehe yake huhama kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2024 ilikuwa 31 Machi, 2025 ikawa 20 Aprili, 2026 ni 5 Aprili. Chukua yoyote, kwetu utakuwa ndani ya masika. Mapishi mengi tunayoyakuta mtandaoni yameandikwa Marekani au Uingereza, na yanakuambia uache pipi mezani usiku kucha zikauke. Moshi ya Aprili, ukianika soksi mezani usiku kucha, asubuhi utaikuta ilivyokuwa, labda na harufu.

Hizi pipi ni ndugu wa kashata. Kwenye kashata sukari inachemshwa hadi iwe shira nzito, nazi inaingia, na moto ndio unaofukuza maji. Ndiyo maana kashata ikipoa inakaza. Sisi hapa hatuoki wala hatuchemshi. Kwa hiyo tone lolote la maji linaloingia kwenye bakuli linabaki humo. Kazi yote ya pipi isiyopikwa ni kuhesabu maji. Ukishaanza kuyahesabu, utashangaa yanaingilia wapi.

Mlango wa kwanza ni nazi. Nazi mbichi iliyokunwa, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Nazi kavu ya pakiti ina asilimia 3 hivi. Najua kuna watakaoniambia nazi ya mbuzi ndiyo yenye ladha, na ni kweli kabisa, ila mayai ya nazi mbichi yasiyopikwa yanachacha ndani ya siku mbili, na katikati yanabaki na majimaji. Kama pakiti hukuipata, kuna nazi za Tanga na Pwani zinazofika soko la Mbuyuni: zikune, kisha zikaushe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo sana, ukigeuza bila kuacha mpaka zidondoke kama mchanga kutoka mkononi. Zikianza kuwa kahawia umechelewa; rangi zako zote zitachafuka.

Mlango wa pili ni maziwa. Tunatumia yale mazito ya kopo yenye sukari. Maziwa ya ng'ombe ya kawaida ni maji kwa asilimia 87 au 88, haya ya kopo yana maji zaidi kidogo ya robo tu. Na hayo yaliyobaki yameshikwa na sukari nyingi kiasi kwamba vijidudu haviwezi kuyatumia. Ndiyo sababu hayachachi kwenye kopo, na ndiyo sababu tunaweza kula pipi isiyopikwa bila wasiwasi. Usidanganyike kuyabadilisha na maziwa freshi uliyoongezea sukari.

Vipimo vyangu vya masika, kwa mayai 40 ya gramu 18 kila moja: nazi kavu gramu 250, sukari ya unga gramu 250, maziwa mazito gramu 220, punje sita za hiliki zilizotwangwa, chumvi ya kuokota kwa vidole viwili. Mapishi ya Kiingereza ya aina hii mara nyingi huwa na nazi gramu 200 na maziwa 250. Mwezi wa pili, jua likiwaka, hivyo vipimo vyao vinanifaa sana. Aprili navigeuza, kwa sababu nataka nazi iwe na kiu kuliko maziwa yanavyoweza kuituliza. Pima kwa mzani. Kikombe chako na changu si ndugu.

Changanya maziwa na sukari kwanza, sukari iwe imechekechwa, mpaka upate uji laini usio na vidonge. Halafu nazi, hiliki na chumvi. Mara ya kwanza utaona mchanganyiko umelegea, mkono utakuwasha kuongeza sukari. Usiongeze. Funika, kaa dakika 20, piga simu, chambua mchele. Nazi inakunywa. Ukirudi utakuta donge linaloshikika kama udongo wa kufinyangia.

Kuhusu sukari ya unga: unaweza kusaga mwenyewe kwenye blenda, ila ile ya dukani huwa imetiwa wanga kidogo ili isigande, ya kwako haina, kwa hiyo itumie papo hapo. Na kuna suala la rangi. Sisi tunaishi jirani na mashamba ya miwa ya TPC kule Arusha Chini, na sukari ile yenye ukahawia naipenda mno kwenye chai. Kwenye mayai haya inageuza cheupe kuwa rangi ya mtindi uliolala, na waridi inakuwa kama tofali. Siku hii moja, mnisamehe, natumia nyeupe.

Sasa rangi, ambazo ndizo zilizonifanya niandike. Rangi za chupa za maji ni mlango wa tatu wa maji, na watu hawaustukii: matone kumi kwenye donge dogo yanatosha kulilegeza. Ukitaka za dukani tafuta za unga au zile nzito za kupambia keki, chovya ncha ya kijiti cha meno, basi. Mimi natumia za sokoni, na zote ziwe unga mkavu. Gawa donge lako mafungu manne, kila moja gramu 180.

Waridi ni bitiruti. Watu wengi husaga, huchuja na kumimina juisi. Hiyo ndiyo iliyoniaibisha kanisani. Juisi ni maji, na kuichemsha ili iwe nzito kunaua rangi, kwa sababu wekundu wa bitiruti hauvumilii moto mrefu. Kwa hiyo mimi huanza Pasaka mwezi Februari. Nakwaruza bitiruti, natandaza kwenye ungo, nafunika kwa chandarua, inakauka juani, nasaga, nachekecha, nafungia kwenye chupa na kuitia kabatini gizani, maana mwanga na hewa huifubaza. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha fungu moja. Ile harufu yake ya udongo uliolowa inazimwa na hiliki.

Njano ni bizari ya manjano, robo kijiko cha chai. Hapa kuna siri ndogo: rangi ya manjano haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ukiinyunyiza kavu unapata madoadoa ya chungwa. Ikoroge kwanza kwenye kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi yenye uvuguvugu, ndipo uikande. Ukizidisha, watoto watakuuliza pilau iko wapi. Na usiyaweke mayai ya njano dirishani ili wapita njia wayaone. Mwanga huifuta rangi hiyo haraka.

Kijani ni unga wa majani ya mlonge, nusu kijiko cha chai, uliochekechwa kwa kitambaa. Ni mkavu tayari, unauzwa kila mahali, na kwa kuwa hatupiki, ukijani wake unabaki hai. Moto ungeugeuza kuwa rangi ya nguo ya jeshi. Una ladha ya majani kidogo. Nakwaruza ganda la ndimu ndani yake, ganda tu, na simwambii mtu ni mlonge mpaka ameshakula la pili.

Nilitaka sana zambarau, maana ndiyo rangi ya Kwaresima na nilijiona mwerevu kuiweka kwenye meza ya ufufuko. Nikachukua choya kavu, nikaisaga, nikaikanda. Ikatoka rangi ya majivu ya kuni, yenye ubluu wa kuumwa. Wekundu wa choya unategemea uchachu wake wenyewe. Ukiuchanganya na maziwa, uchachu unapungua na rangi inageuka. Nikajaribu kuuokoa kwa maji ya ndimu: rangi ikarudi kidogo, lakini ndimu ikayafanya maziwa yagande, donge likawa gumu mkononi kabla sijafinyanga hata matano. Choya nimeirudisha kwenye juisi. Fungu la nne linabaki jeupe.

Jeupe lisikupe huzuni, kwani hilo ndilo linalopendeza kuliko yote likipigwa madoa. Saga kahawa ya Kilimanjaro iwe laini kama poda, chovya brashi kavu, igonge kwa kidole juu ya mayai. Yanakuwa kama ya kwale. Mara ya kwanza nilitumia kahawa ya maji, mnajua kilichotokea.

Kufinyanga hakuna maneno mengi. Paka viganja mafuta ya nazi, si maji, viringisha kipande, kisha bana upande mmoja kichongoke. Kwa watoto walio chini ya miaka minne usiwape duara. Bonyeza liwe bapa na ulikate vipande, koo zao ni nyembamba.

Mlango wa mwisho ni hewa, na huu ndio ulionipiga mwereka. Sukari inavuta unyevu. Hewa ikivuka unyevu wa asilimia 85 hivi, sukari ya mezani huanza kunywa kutoka hewani mpaka ijiyeyushe yenyewe. Chini ya hapo inatulia au inakauka. Asubuhi za masika Moshi zinavuka kiwango hicho kirahisi. Na ikiwa ya unga ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu chembe ndogo zina ngozi nyingi ya kunywea. Kwa hiyo siku hizi sibiringishi yai kwenye sukari. Nabiringisha kwenye nazi kavu, ambayo haiyeyuki hata ikilowa.

Kukausha kunafanyika kwenye friji, trei ikiwa wazi, usiku mmoja, mbali na vitunguu. Hewa ya friji ni baridi na kavu, kwa hiyo yai linapata ganda jembamba la nje ambalo hewa ya jikoni Aprili haiwezi kulipatia. Kama huna friji, au umeme umekwenda zake, fungia mayai moja kwa moja kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Yatabaki laini, lakini hayatalia. Ya nazi ya pakiti hukaa wiki nzima vizuri.

Halafu kuna kosa la kuyatoa. Umewahi kuitoa soda kwenye friji ukaiona inatoka jasho mezani? Yai lako litafanya vivyo hivyo, na jasho hilo likitua juu ya sukari, kazi yote ya usiku imeondoka. Yaingize kwenye kopo yakiwa bado ndani ya friji, funga, ndipo utoe. Acha kopo litoke jasho nje, wewe ulifute, na usilifungue mpaka lishikike bila ubaridi. Dakika 40 kwa hapa mjini. Ukipandisha kwa Hiace kwenda Kibosho au Marangu, nyumba za huko zina baridi, subiri zaidi.

Mwaka uliofuata yule mwalimu aliagiza tena, jambo lililonishangaza. Nilimpelekea asubuhi yenyewe, mvua inanyesha, kopo limefungwa na linatiririka maji nje. Akalitazama, akanitazama.

"Yameanza kulia?"

"Hapana mama, anayelia ni kopo. Lisifunguliwe kwanza, ngoja kama dakika arobaini."

Akaliweka juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto. "Arobaini tu? Hujamsikia mchungaji wetu akihubiri."